Jiwe la Tatu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, pikapu nyeupe aina ya Peugeot 404 iliingia uani kwa Hemed mjini Migori ikiwa na mkwaruzo mpya ubavuni kushoto, kutoka taa ya mbele hadi mlangoni. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu, dereva.

Dereva huyo aliitwa Nicanor. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, mpima barabara mstaafu wa serikali. Mkewe, Teresa, alifariki mwaka 1993. Watoto wake walikuwa Nairobi. Aliishi peke yake Homa Bay, na gari hilo alikuwa nalo tangu likiwa jipya, mwaka 1972.

Hemed, fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa Malindi, alipitisha kidole kwenye mkwaruzo.

"Na huu, mzee wangu?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani huyo aliyeacha rangi ya buluu?"

"Fundi, mimi nimekuja kwa dashibodi. Bodi iache."

Kazi walikuwa wameshapatana. Hemed alikuwa na dashibodi ya dijitali aliyoitoa kwenye Toyota ya mwaka 1984 iliyopinduka karibu na Isebania: kioo cheusi, na swichi ikifunguliwa, tarakimu za kijani zenye urefu wa kidole gumba. Nicanor aliziona mara moja, mwezi Mei, akazisoma kwa sauti kutoka hatua nne. Siku hiyo hiyo aliamua.

"Mshale unatetemeka," alieleza tena. "Namba haitetemeki."

Hemed alitoa geji za zamani, akakata bati la dashibodi kwa msumeno mwembamba, akalisugua kwa tupa. Waya za Peugeot zilikuwa zimepoteza rangi, hivyo alizipima moja moja kwa taa ya majaribio na kuzifunga vipande vya karatasi vyenye majina. Kazi ndefu ilikuwa ya spidi. Dashibodi ya Toyota ilihesabu mizunguko ya kebo, na kebo ya Peugeot haizunguki idadi ile ile kwa kilomita moja. Hemed aliweka kati ya hizo mbili kisanduku chenye gia mbili ndogo alizochonga mwenyewe.

Nicanor alikaa juu ya kreti ya soda. Alizungumza karibu muda wote.

"Wewe unabembeleza hata spana. Watu wa pwani!"

"Nyinyi wa huku mnaipiga, kisha mnaniletea mimi."

Nicanor alicheka. Kisha akaeleza kwamba kila Jumapili huendesha hadi Karungu kwa Simeon, aliyemshikia mnyororo wa kupimia kwa miaka kumi na tisa. Simeon alipooza upande mmoja mwaka 1995 na hatoki nyumbani. Wawili hao hucheza ajua, kete za mbegu kwenye ubao wa mashimo kumi na sita, tangu saa sita mpaka saa tisa.

"Wiki nzima siongei na mtu," alisema, kama anayesoma kipimo. "Jumapili naongea. Hii gari ikikataa, Karungu imeisha."

Saa nane na nusu tarakimu zilikuwa zinawaka. Kilichobaki ni kuhakikisha spidi inasema kweli, na kwa hilo Hemed alikuwa na njia moja. Gari hushikiliwa kwenye sitini kamili kwenye barabara ya Rongo, dereva huita "Jiwe!" kila anapopita jiwe la kilomita, fundi huweka macho kwenye tarakimu na kubonyeza saa. Kwa spidi ya sitini, jiwe hadi jiwe ni sekunde sitini.

Nicanor aliendesha. Tarakimu zilisimama kwenye 60.

"Jiwe!"

Hemed alibonyeza.

"Jiwe!"

Sekunde sitini na tatu.

"Jiwe!"

Sekunde hamsini na saba.

Hemed alizitazama namba mbili hizo. Jumla ilikuwa mia moja na ishirini, hesabu iliyotakiwa. Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa. Jiwe la katikati ndilo lililochelewa kuitwa kwa sekunde tatu, yaani mita hamsini mbele yake. Akainua macho. Na hapo akaona walipokuwa: kwenye kalvati jipya. Jiwe la tatu, lililokuwa hapo, liling'olewa mwezi Machi barabara ilipopanuliwa, na halikurudishwa. Hemed alikuwa amekusudia kumwambia asimame baada ya la pili, akasahau.

"Simama, mzee."

Nicanor alisimama, tairi za kushoto zikiwa ndani ya majani.

"Umeita jiwe."

"Si tumelipita?"

"Halipo. Wameling'oa tangu Machi."

Lori la miwa liliwapita. Nicanor hakugeuza kichwa.

"Nililipanda mwenyewe," alisema. "Mwaka sabini na tatu, serikali ilipoacha maili. Simeon alichimba, mimi nikapima."

"Najua ulilipanda. Nakuuliza kama unaliona."

"Naijua hii barabara, omera, ndugu yangu."

"Hukunijibu, mzee wangu."

Nicanor alishika usukani kwa mikono miwili. "Hizi za kijani naziona," alisema. "Vitu vya nje vina ukungu."

"Tangu lini?"

"Krismasi."

Hemed alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva. Alingoja. Baada ya dakika moja hivi Nicanor alisogea upande wa abiria. Kwa hesabu yake mwenyewe, hakuwahi kukaa upande huo wa gari lake.

"Basi tumalize kupima," alisema. "Nipe saa. Wewe ita."

Hemed aliendesha, akaita mawe matatu yaliyofuata. Nicanor alibonyeza, akaileta saa karibu na pua. Sitini. Sitini. Alitoa daftari mfukoni akaandika namba zote nne kwa tarakimu kubwa: 63, 57, 60, 60. Chini ya mbili za kwanza alipiga mstari.

Walipita Rongo, wakakata kushoto. Waliingia kwa Nicanor, Homa Bay, saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Hemed aliegesha, akazima, akampa ufunguo.

"Kesho Jumapili," Nicanor alisema.

"Najua."

"Nikilala na hii ufunguo, asubuhi nitawasha. Nitasema ni mara moja tu." Aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa spana namba kumi. "Toa betri. Enda nayo."

"Na Simeon?"

"Simeon atahesabu saa. Saa sita ikipita atajua."

Hemed alifungua nati mbili, akaitoa betri, akaiweka kwenye gunia. Nicanor alifunga boneti mwenyewe, akiipapasa kingo zake. Waliagana kwa mkono.

Langoni Hemed aligeuka. Saa kumi na mbili na dakika tisa, mlango wa pikapu upande wa dereva ulifungwa kutoka ndani, Nicanor akiwa kwenye usukani wa gari lisilo na betri.