Wati Tano

Mhudumu wa pampu ya maji aliishi peke yake kituoni tangu mkewe afariki. Kila saa kumi jioni aliisomea ofisi kina cha tangi kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumza kwa kupokezana, kisha akabaki hewani. Ng'ambo ya milima kulikuwa na mama mmoja, mlinzi wa msitu, naye mwenye redio kama hiyo. Hawakuwahi kuonana, lakini waliitana shemeji, na kila aliyemaliza zamu yake alisema "ova" ili mwenzake ajibu. Mama ndiye aliyeanza kila mara:

"Shemeji, umekula? Ova."

"Nimekula viazi, vimeungua. Ova."

"Basi umekula mkaa. Ova."

Siku moja akaja fundi wa redio. "Mzee, unazifunika stesheni za watu. Wati hamsini za nini, na ofisi iko hapo chini tu?" Akafungua kifuniko, akashusha nguvu hadi wati tano. "Ukipandisha tena utaandikiwa onyo. Na maiki usiimeze. Iweke mbali kiasi cha kiganja, ongea kama na mtu mliyekaa naye mezani."

Mezani palikuwa na kiti kimoja.

Jioni hiyo ofisi ilimsifu kuwa sauti yake sasa ni safi. Kisha ikaja sauti ya yule mama, vilevile kama jana, maana fundi alipunguza kurusha, si kupokea.

"Shemeji, umekula? Ova."

Akajibu. Akajibu tena kwa kupaza sauti.

"Shemeji? Mbona kimya?"

Siku ya nne mama akasema, "Labda unanisikia ila hunifikii. Basi mimi nitaongea tu." Akamsimulia goti linalomuuma na nyani walioiba sabuni yake. Mhudumu alifungulia sauti mpaka mwisho, akacheka peke yake, akamjibu bila hata kubonyeza maiki.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha: "Shemeji, nimestaafishwa. Kesho nakwenda kwa dada yangu. Nilitaka tuagane. Ova."

Mhudumu alichukua bisibisi, akafungua kifuniko, akapandisha nguvu yote.

"Shemeji, nakusikia. Nilikusikia siku zote. Ova."

Halafu kicheko kilichochanganyika na kilio. "Kumbe sikuwa nikiongea na miti! Ova."

"Pampu!" ofisi ikaingilia. "Unafunika watu! Shusha!"

Alisema kwaheri, akashusha.

Kesho yake alipata barua ya onyo, akaitia sahihi. Saa kumi alisoma kina cha tangi, kisha akakaa kusikiliza mvumo wa redio tupu mpaka giza likaingia.