Vidonge vya Mafua vya Mzee Gerson

Tupokigwe alizaliwa Ilomba, Mbeya, lakini huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa mfamasia Ipogolo, kwenye famasi ndogo inayotazamana na barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari. Watu walimwita Dokta Tupo. Mwanzoni aliwakatalia, akawaeleza kuwa yeye si daktari. Baadaye akachoka, akaitika.

Mzee Gerson alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alikuwa fundi seremala, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa akija kununua diklofenaki ya kutuliza maumivu. "Mgongo wa seremala," alisema, naye Tupokigwe akampa. Mwezi uliofuata akampa tena. Ilifika mahali mzee hakuhitaji hata kutaja dawa. Alisimama kaunta, akajishika kiuno, nao wakacheka.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika kweli kweli, Mzee Gerson aliingia akipenga kamasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mnyalukolo, ndugu yangu. Leo nimekuja kwa mafua. Kichwa kizito, pua imeziba."

Tupokigwe alichukua vidonge vya mafua, vile vya kukausha kamasi na kuleta usingizi, akaandika kwenye bahasha: kimoja mara tatu. Mzee akaipokea lakini hakuondoka. Akaangalia mlangoni, akaangalia rafu, akainamia kaunta.

"Kuna jambo jingine," alisema kwa sauti ya chini. "Usiku huwa…"

Hapo akaingia binti wa saluni ya jirani, akiulizia mafuta ya kujipaka. Mzee Gerson akanyooka kama askari.

"Hamna shida. Nitapita siku nyingine."

Tupokigwe aliliona. Aliona kabisa kwamba mzee alikuwa amelifikisha neno mdomoni na kulimeza. Angeweza kumwambia asubiri kidogo, akamhudumia binti, kisha akamkaribisha nyuma ya pazia ambako palikuwa na kiti. Badala yake akamuuliza binti anataka mafuta ya aina gani.

Jumamosi asubuhi alikuja Mama Tekla, mke wa mzee, kajifunika kanga juu ya sweta, anahema.

"Mwanangu, baba yako tangu jana mchana hajapata haja ndogo. Tumbo limevimba. Nimemwambia twende hospitali, hataki. Anasema nije kwako unipe dawa ya kufungua."

Tupokigwe alizunguka kaunta. "Mama, vile vidonge vya mafua alikunywa?"

"Vyote. Alisema vinampa usingizi. Maana usiku halali, anaamka mara sita, mara saba."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, wakati wa kupanda mahindi."

Alifunga famasi na wateja wawili wakiwa barazani. Walimkuta Mzee Gerson kaketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka katika baridi ile, mikono kaikaza magotini. Alipomwona Tupokigwe aligeuzia uso ukutani.

"Mama Tekla, nilikutuma dawa. Sikukutuma mtu."

"Baba," Tupokigwe alisema, akapiga magoti sakafuni ili asisimame juu yake, "hakuna dawa ya kukufungua dukani kwangu. Tukikaa hapa figo zitaharibika. Bajaji ipo nje."

Maumivu ndiyo yaliyomjibia. Yalimkunja mpaka akaegemea bega la mkewe, na hivyo hivyo wakamtoa.

Hospitalini waliingiza mpira wa mkojo. Lita moja na zaidi ilitoka. Kutoka nyuma ya pazia Tupokigwe alimsikia mzee akishusha pumzi ndefu, kisha akilia polepole, kilio cha mtu asiyetaka kusikika.

Daktari wa zamu, kijana aliyeitwa Sifaeli, alitoka akiandika.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

Tupokigwe alimtajia.

"Aha. Hizo humziba mwanaume ambaye tezi dume yake imevimba."

"Najua," alisema. "Nilifundishwa. Nilimpa mimi."

Sifaeli akaacha kuandika. "Na nyingine?"

"Diklofenaki. Ya mgongo. Miezi minane."

Daktari alirudi ndani. Baada ya kitambo Tupokigwe alisikia mzee akipiga ukelele mfupi, ule wa mtu aliyebonyezwa mahali pabaya. Sifaeli alipotoka tena sura yake ilikuwa imebadilika. Alisema mgongo ule haumpendezi, kwamba watapima damu na kuchukua kinyama cha tezi. Kisha akaongeza, "Dada, usijitese. Vidonge vyako ndivyo vilivyomleta. Bila kuzibwa angeendelea kukaa nyumbani."

Alikuwa na nia njema, na huenda alisema kweli. Lakini Tupokigwe hakuwa akifikiria vidonge vya mafua. Alikuwa akifikiria ile miezi minane, na jinsi walivyokuwa wakicheka mzee akijishika kiuno.

Jumatatu alikwenda wodini. Mzee Gerson alikuwa amekaa, mfuko wa mkojo ukining'inia chini ya kitanda, umefunikwa kwa kitambaa alicholeta mkewe. Tupokigwe hakuzunguka mbuyu.

"Baba, dawa ya mafua niliyokupa ndiyo iliyokuziba. Kabla ya kukupa nilipaswa kukuuliza kama mkojo unatoka vizuri. Sikuuliza. Na mgongo pia sikuuliza. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Mama Tekla alishika mdomo. Mzee aligeuka kumtazama Tupokigwe.

"Ungeniuliza," alisema, "ningekudanganya."

"Labda mara ya kwanza."

"Ya kwanza na ya pili." Akavuta shuka. "Ya tatu ningesema. Alhamisi ile nilikuwa nasema."

"Nilikuona, baba."

"Uliniona?" Sauti ilimpanda, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Uliniona, ukaniacha nitoke?"

Mzee alimwashiria kwa mkono aondoke, naye akaondoka.

Majibu ya kinyama yalichukua wiki tatu. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Mama Tekla ndiye aliyekuja kumwambia, kaunta ikiwa kati yao, bila kulia. Wangeanza sindano za kila miezi mitatu. Daktari alisema zingeipunguza kasi, kupona hakukutaja.

"Anakulaumu," Mama Tekla alisema. "Mimi namlaumu yeye. Tulilala kitanda kimoja nikimsikia anatoka na kurudi, namuuliza, ananijibu ni uzee. Nami nikanyamaza. Basi kila mtu ana fungu lake."

Wiki ile Tupokigwe alisogeza rafu, akatenga pembe yenye viti viwili na mlango wa mbao unaofungwa. Akaanza kuwauliza wanaume waliovuka miaka hamsini: unaamka mara ngapi? Mkojo unakatikakatika? Dereva mmoja wa lori alimtukana. Mwingine, Masumbuko, aliyekuja kutafuta vidonge vya nguvu za kiume, aliketi nusu saa kwenye kile kiti, na ikaonekana presha yake ilikuwa juu kiasi cha kutisha. Wengi walisema "niko fiti", wakalipa, wakaenda zao. Wakati mwingine aliinuka mpaka mlangoni kuwatazama wakivuka barabara, asijue ni yupi amesema kweli.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alipanda basi kwenda Mbeya. Baba yake, Andendekisye, alikuwa na miaka sabini na mmoja. Katika maisha yao yote hawakuwahi kuzungumza jambo la mwili. Mambo hayo yalipitia kwa mama, na mama alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Alimkuta uani akichambua mbegu za viazi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza kama anavyowauliza wanaume wa Ipogolo, neno kwa neno, macho yake kwenye viazi.

Mzee aliduwaa, kisha akacheka.

"Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nimezaa sita. Sina ninachokificha."

Tupokigwe hakucheka. "Mara ngapi, baba?"

"Nimekwambia sina."

"Mara ngapi?"

Baba yake aliokota kiazi, akakigeuza, akakata jicho lililooza kwa ukucha. Binti alingoja. Jirani alipita nyuma ya ua, akasalimia, wote wawili wakaitikia. Akapita.

"Mara tano," alisema mzee. "Kuna siku sita. Na juzi niliona damu."

Tupokigwe aliushika mkono wake wenye udongo, naye baba hakuutoa.

"Kesho asubuhi tunakwenda," alisema.

"Kesho nina viazi."

"Tutakwenda, baba."

Mzee alitazama magunia, akatazama mkono ulioshikwa. "Wewe usiingie ndani na mimi," alisema. "Utanisubiri nje."