Mpaka Povu Liwe Jeupe

"Lirudishe kwenye mfuko," alisema Ozella, bila hata kuligusa lile kopo. "Hapa sipaki dawa. Bango liko dirishani, na kusoma unajua."

Keyonna hakulirudisha. Alilisukuma juu ya meza, katikati ya machanuo na vibanio, mpaka likasimama mbele ya mamkubwa wake. Lilikuwa kopo dogo la ile dawa nyepesi ya nywele fupi, isiyonyoosha nywele bali inayolegeza kipilipili kidogo ili chanuo lipite.

"Siyo ile ya zamani, Mamkubwa. Hii ni ya upole. Dakika chache, unaosha, basi."

"Hata ile ya zamani iliitwa ya upole."

Chini ya draya Bi Hattie Mae Crum, mwenye miaka themanini na mmoja na rola kichwa kizima, alijichomoa kidogo asikie vizuri. Kila Ijumaa alikuja kuoshwa na kupigwa pasi nywele kwa ajili ya Jumapili, maana yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa kanisa na glavu zake nyeupe kuwakaribisha watu, na hakuwa tayari kupitwa na habari kwa sababu ya kelele za mashine.

"Jumatatu naanza kazi ya lori," Keyonna alisema. "Nabeba kuku wa barafu kutoka hapa Alabama mpaka Ohio na kurudi. Wiki tatu nalala ndani ya lori. Naoga kwenye vituo vya mafuta, dakika kumi, na nje kuna foleni. Nani atanisuka huko? Nataka kichwa cha kumwagia maji, kupitisha vidole, naondoka."

"Nyoa."

"Nimeshapunguza, si unaona? Ila zikikauka zinajifunga kama kamba ya kiatu. Nimevunja machanuo mawili mwezi huu."

"Birmingham saluni zimejaa."

"Hawakijui kichwa changu. Wewe unakijua."

Ozella aligeuka dirishani. Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa ukingoni mwa barabara, vioo juu, injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi, maana Julai ile jua lilikuwa linachoma mpaka lami. Nyuma ya usukani ilionekana kofia ya majani aliyoijua. Ilikuwa ya Verdell, mdogo wake wa tumbo moja, mama yake Keyonna.

"Kakuleta, na haingii," alisema.

"Langu liko kwa fundi. Amesema atasubiri hukohuko garini."

Verdell hakuwa amekanyaga saluni hiyo kwa miaka kumi na moja. Kanisani dada hawa wawili walikaa pande mbili, mmoja karibu na piano, mwingine karibu na dirisha, na kwenye misiba walipishana sahani za kuku na maharage bila kuangaliana. Mji mzima ulijua sababu. Au ulidhani unajua.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, miaka hiyo kumi na moja nyuma. Saluni ilikuwa imefurika, vichwa vinane vikingoja, na kila mama alitaka bintiye apendeze siku ya kukariri shairi mbele ya madhabahu. Keyonna alikuwa na miaka kumi. Verdell alikuwa amemfumua rasta jana yake, na mtoto alikuwa amejikuna mpaka ngozi ikachubuka. Msusi yeyote wa mji ule, kabla ya kufungua kopo, huuliza kwanza: umejikuna? Ozella hakuuliza. Alipaka dawa kali, akamsogeza mtoto pembeni, akashika kichwa kingine. Mtoto alisema inachoma. Akaambiwa kile ambacho Ozella mwenyewe aliambiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake: vumilia, ikichoma ndiyo inashika.

Keyonna alisema shairi lake akiwa amevaa kofia. Jumatatu Verdell aliingia saluni na mfuko wa mkate. Aliuweka mezani na kutoka. Ndani hamkuwa na mkate, mlikuwa na nywele za mwanawe. Wiki ileile Ozella alitupa makopo yote ya dawa na kuandika bango: KUOSHA, PASI, KUSUKA. DAWA HAKUNA. Watu walipouliza alisema draya zilikuwa zinanguruma siku ile, zote tatu kwa pamoja, na hakumsikia mtoto. Alilisema hilo mara nyingi mpaka likawa jepesi mdomoni.

"Zella," aliita Bi Hattie Mae. "Mtoto amekuja na miguu yake. Unataka akupigie magoti?"

"We tulia kwenye mashine yako, rola zitalegea."

"Zangu zilishalegea tangu enzi za mume wangu. Mshughulikie binti."

Keyonna alishaketi kwenye kiti. Aliinamisha kichwa mwenyewe, akavuta sikio la kushoto mbele, na Ozella akaona alichokuwa hajakiona kwa macho yake tangu siku zile, kwa sababu Keyonna alikisitiri chini ya rasta utoto wake wote na usichana wake wote. Kidoa cha ngozi tupu, laini, kinachong'aa, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Unywele haukuota hapo tena. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nimechoka kukificha," Keyonna alisema, uso ukiwa umeelekea magotini. "Akiuliza mtu nitamjibu. Lakini sitaki kikaguswe na mtu mwingine."

Basi Ozella alinawa mikono.

"Umejikuna?"

"Wiki nzima sijagusa. Nimelala na soksi mikononi."

"Umeziosha lini?"

"Jumapili."

Alikata kishungi nyuma ya kichwa, mahali pasipoonekana, akakijaribu kwanza kwenye kibakuli na kuhesabu dakika kwa sauti. Kishungi hakikukatika. Kililegea kidogo, kama uzi wa sufu uliofumuliwa. Alichukua mafuta ya mgando akapaka ukingo wote wa nywele, paji la uso, masikio, shingo. Kwenye kile kidoa alipaka mara tatu, akaweka pamba juu yake, akapaka tena juu ya pamba.

"Utanifanya keki," Keyonna alisema.

"Kaa kimya. Sikiliza vizuri sasa. Ikichoma, sema. Ikiwasha tu, sema. Hata ukihisi kama nzi ametua, sema."

"Sawa."

"Sema 'sawa Mamkubwa.'"

"Sawa, Mamkubwa."

Alitega saa ya jikoni, ile ya umbo la yai, dakika nane. Fungu la kwanza la nywele alilipaka kwa kusitasita. Kufika la tatu mkono ukakumbuka kazi. Alipaka kwa mgongo wa chanuo, haraka lakini bila papara, akianzia utosini kwenye nywele ngumu na kuacha za shingoni mwisho kwa sababu ni laini na hushika upesi. Hakuzivuta wala hakuzilaza. Dawa hii haitaki kuvutwa, ukiivuta inanyoosha, na Keyonna hakuja kunyooshwa. Harufu ilipanda, ileile ya zamani ingawa nyepesi zaidi, na Ozella akawa na roho juu kama mtu anayemsubiri daktari mlangoni.

Dakika ya pili. "Inachoma?"

"Hapana."

Dakika ya tatu. "Sasa?"

"Hapana, Mamkubwa."

"Hajambo huyo," Bi Hattie Mae alisema. "Mimi sijambo pia, kama kuna anayeuliza."

Dakika ya nne. Vipilipili vya utosini vilikuwa vimeanza kufunguka, vizuri tu, jinsi picha ya kwenye kopo inavyoonyesha na hakuna mtu anayeiamini. Zikaingia dakika tano. Aliuliza tena, akajibiwa tena hapana, kwa sauti ileile ya upole. Akainama kuokota kibanio kilichoanguka.

Ndipo akaiona miguu. Keyonna alikuwa amevaa kandambili, na vidole vyote kumi vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania soli. Ozella aliwahi kuviona vidole hivyo vikijikunja. Vilikuwa ndani ya viatu vyeupe vya Pasaka, vikining'inia bila kufika chini, na ngozi ya kiatu ilikuwa inapanda na kushuka mbele kwenye ncha.

"Simama. Beseni!"

"Bado dakika tatu!"

"Simama nimesema!"

Alimburuta kwa bega mpaka kwenye beseni, akafungua maji ya vuguvugu, akaosha kwa mikono yake yote miwili, maji yakimrukia kifuani na miguuni. Ile saa ya yai iliendelea kuhesabu peke yake mezani. Aliosha shingo, akaosha nyuma ya masikio, akatoa pamba na kuchungulia kile kidoa. Kilikuwa kikavu chini ya mafuta, rangi yake ileile. Akashusha pumzi, lakini nusu tu.

"Ilikuwa inachoma tangu lini?"

"Haikuwa inachoma. Ilianza kuwasha kidogo, juu hapa. Kidogo tu."

"Nilikwambia useme. Kwa nini hukusema?"

Keyonna alikuwa amelala chali, shingo kwenye beseni, macho yamefumbwa kwa sababu ya maji. "Nilishawahi kusema," alijibu.

Hakusema kwa ukali. Ozella alisimama na bomba mkononi, maji yakienda bure. Maneno yake ya siku zote yalimjia mdomoni, zile draya tatu, zile kelele, yamekaa tayari kama nguo iliyopigwa pasi. Aliyameza. Alifunga bomba.

"Ulisema," alisema. "Na nilikusikia."

Chini ya draya Bi Hattie Mae aliacha kutafuna peremende yake.

"Draya zilikuwa zimezimika, Keyonna. Umeme ulikatika kidogo mchana ule, na wewe ulisema wakati huohuo, saluni imetulia kabisa. Ulisema mara mbili. Nilikuwa na kichwa cha mke wa mchungaji mkononi. Nikakwambia vumilia. Nilikuona mpaka miguu. Nisamehe mwanangu. Nimedanganya mji mzima, na wewe ulikuwepo, ulikuwa unajua."

"Mama naye anajua," Keyonna alisema. "Siku ile usiku nilimwambia. Baadaye alisema hakasiriki kwa sababu ya nywele. Anasubiri tu uache kusema kuhusu zile draya."

Ozella alilia, na machozi hayakuonekana sana kwa sababu uso wake ulikuwa umeshaloa. Halafu, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, alichukua ile shampuu ya kuua dawa na kuimimina kiganjani. Shampuu hiyo inasema ukweli yenyewe, ikikuta dawa imebaki kichwani povu lake hugeuka waridi.

Povu la kwanza lilitoka waridi. Akasuuza. La pili lilikuwa waridi hafifu, kama maji yaliyooshewa plamu. Akasuuza tena, akimsugua taratibu kwa ncha za vidole, nyuma ya sikio la kushoto kwa kidole kimoja tu.

La tatu lilitoka jeupe. Aliliangalia kwenye mwanga, akalipeleka mpaka kwenye draya. "Hattie Mae, hili rangi gani?"

"Jeupe kama glavu zangu."

"Una hakika?"

"Zella, macho yangu mabovu lakini jeupe naliona."

Sasa ile nusu ya pumzi iliyobaki ikatoka, akakaa kidogo kwenye kiti cha wateja. Alicheka peke yake. Keyonna naye akacheka, kichwa bado beseni, akidai taulo.

Zilipokauka, nywele zilikaa. Utosini zilijikunja kwa vipete vidogo vilivyoachana, kila kimoja na nafasi yake, na kidole kilipita bila kukwama popote. Shingoni, kwa kuwa dawa ilioshwa mapema, kipilipili kilibaki kigumu kuzunguka kile kidoa.

"Hapa hapakushika," Ozella alisema. "Baada ya miezi miwili au mitatu, ukitaka..."

"Paache." Keyonna alitikisa kichwa kwenye kioo, kulia, kushoto, kama mbwa aliyetoka mtoni. Alichota maji beseni, akajimwagia, akapitisha vidole, akatikisa tena. "Sekunde kumi! Mamkubwa, umeona? Sekunde kumi!" Alikizunguka kile kiti huku akijitazama kwenye vioo vyote vitatu.

"Dereva mzuri wa lori wewe," alisema Bi Hattie Mae. "Ningekuwa kuku ningepanda mwenyewe."

Mlangoni Keyonna alisimama, mkono kwenye kitasa. "Nimwambie Mama? Ulivyosema?"

Ozella alikuwa ameshika ufagio. "Mwambie. Vilevile nilivyosema, usipunguze."

Kupitia dirishani, nyuma ya bango, alimwona akivuka jua na kuinama kwenye kioo cha dereva. Kioo kilishuka. Keyonna aliongea muda mrefu, mkono mmoja juu ya paa la gari, akiuinua kila mara kwa sababu ya joto. Kisha mkono wa Verdell ukatoka ndani, ukaingia kwenye vile vipete vyenye maji, ukatembea taratibu mpaka nyuma ya sikio la kushoto, ukabaki hapo. Ozella alisahau kufagia.

Ile saa ya yai ilishalia zamani mezani bila mtu kuijali. Ilikuwa kimya sasa saluni, Bi Hattie Mae alikuwa amezima draya kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona sisikii injini?" Bi Hattie Mae aliuliza. "Wameondoka?"

"Hawajaondoka," Ozella alisema. "Amezima."

Aliegemeza ufagio ukutani, akafuta kiti kwa taulo kavu, mara moja, halafu tena, akisikiliza mlango wa gari.