Maiti wa Kampuni Yetu

Kampuni yetu ya filamu ilianzia sebuleni. Baba alishika kamera, kaka akajiita mwongozaji, mimi nikapaka watu poda, na mama, kwa kuwa aliweza kulala kimya bila kucheka, akapewa kazi ya kufa. Alikufa katika kila filamu: kwa sumu, kwa risasi, mara moja kwa wivu. Watazamaji walimsifu. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kusema.

Hatimaye kaka alimwandikia nafasi ya bibi mwenye sentensi tatu. Mama alizikariri akipika, akioga, na hata alipogombana na baba alizichomeka humo humo.

Siku ya kurekodi, kaka alikuja akijikuna kisogo.

"Mama, yule bibi tumemuua. Hadithi ilikuwa inarefuka."

"Nimezaa mwongozaji au muuaji?"

"Mama bwana! Maiti kama wewe tutampata wapi?"

Baba alikuwa akikagua taa. Zilikuwa nzima, lakini aliendelea kuzikagua.

Mama alipanda kitandani, nikampaka poda. Kamera ilipowashwa, alifumbua macho akamkodolea kaka.

"Funga macho, mama."

"Maiti haamrishwi," akasema, na hakuyafunga.

Nilidhani amemkomesha. Kumbe kaka aliyapenda yale macho. Akayaacha kwenye filamu, akaifuta sauti. Hakuna filamu yetu iliyowahi kuuzika kama ile. Sasa macho ya mama yako kwenye bango kubwa mlangoni mwa ofisi, na mwenyewe akija hupitia mlango wa nyuma.