Mkono wa Kushoto wa Séraphin

Evode alikuwa na miaka thelathini na minane, mke, watoto wanne na chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili wa kubebea mizigo, aliouchonga mwenyewe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomuumiza kichwa. Kilichomuumiza kichwa ni salamu.

Kila Jumapili ibada ikiisha pale Bihambwe, Séraphin alimsubiri mlangoni mwa kanisa. Alinyoosha mkono wa kulia peke yake, ule wa kushoto ukiwa umelala mfukoni, kama mtu anayesalimia mwanafunzi. Evode naye alitoa wa kulia, na kwa kuwa kifundo cha mkono huo kilikuwa bado kinamuuma, wa kushoto uliinuka wenyewe kukishika. Sasa, katika milima ile kila mtu anajua maana ya kushika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto unaposalimia. Ndivyo mdogo anavyomsalimia mkubwa. Ndivyo mkwe anavyomsalimia baba mkwe. Séraphin alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Asante, mutoto," alisema, kwa sauti ya kufika hadi kwa akina mama wa kwaya. "Heshima iko muzuri."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa aibu, lakini walicheka, na Evode aliwaandika wote kichwani.

Uchungu ulizidi kwa sababu kifundo chenyewe kilivunjwa na Séraphin, na Séraphin kazi alifundishwa na Evode. Evode ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuteremka kuelekea Sake na magunia manne ya viazi, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukibana kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, maana chukudu haina breki nyingine. Ndiye aliyemwambia kwamba usukani hushikwa kwa vifundo, si kwa mabega. Kijana akashika somo, akanenepa mikono, na shukrani yake akaitoa tarehe mbili Januari.

Siku hiyo watu wa chukudu hupimana nguvu za mikono juu ya pipa tupu. Sheria zao ni mbili tu: kiwiko hakitoki juu ya pipa, na mkono wa kushoto haubanduki kwenye ukingo wake. Anayeubandua ameshindwa. Evode alilazwa mkono mapema na hakulalamika, kwa kuwa kushindwa na kijana wa umri ule si aibu. Mzee Nsengimana, mwamuzi, akasema, "Inatosha." Séraphin alisikia. Alimtazama Evode machoni, akatabasamu, kisha akasukuma tena. Kifundo kikaalika kama kijiti.

Hakuna aliyemwadhibu. Walisema ni mchezo, ni ujana, ni bahati mbaya. Evode aliposikia neno bahati alitema mate chini.

Plasta ilipotoka alijitibu kwa akili ya watu wa chukudu, ambao kwao dawa ya kila kiungo ni kukibebesha mzigo. Aliongeza gunia la tano. Alifinya usukani mpaka vidole vikaota sugu mpya. Baada ya wiki sita kiganja kilifinya kama koleo, lakini kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi, na Jumapili mkono wa kushoto bado uliinuka. Mwezi wa sita akamwachia mdogo wake chukudu, akaenda Mpofi, huko Walikale, kwa dada yake Uwingabire. Alisema anakwenda kumsaidia kuvuna mihogo. Ukweli ni kwamba alitaka kujijenga mahali ambapo hakuna jicho la Bihambwe.

Kwenye kituo cha afya cha Mpofi palikuwa na kine mmoja, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, Astrid, mama mwembamba aliyezoea kunyoosha migongo ya wapagazi. Alikipindisha kifundo cha Evode mbele, nyuma, kulia, kushoto, akisikiliza pumzi yake.

"Papa Evode, ulifanya zoezi gani?"

"Kufinya. Na kubeba."

"Njo kosa. Umelisha vidole tu. Huku ndani ya mukono, chini ya kiganja, iko njaa. Na ile siku ilivunjika, ilikunjwa kwenda wapi?"

"Nyuma."

"Unaona. Upande yenye inakataza kifundo kukunjwa, haujaigusa hata siku moja."

Hakuwa na vyuma vya mazoezi isipokuwa kimoja cha kilo mbili. Vingine alivitengeneza: kopo la mchanga, nyundo, na kijiti kilichofungwa kamba yenye jiwe mwishoni. Akavipanga juu ya benchi, akamwonyesha kila kimoja kazi yake. Kopo ulilishika kiganja kikitazama juu, ukaliinua kwa kifundo tu, mkono umelala juu ya paja. Nyundo uliishika kwenye ncha ya mpini, ukaigeuza polepole kulia na kushoto. Kijiti ulikizungusha mpaka jiwe likapanda, kisha ukaliteremsha bila kuliachia.

"Uchague," alisema Astrid. "Kama ni ya kusukuma muntu chini, tutaongeza uzito, mara chache chache. Kama ni ya kushikilia tu, uzito kidogo, lakini unakaa nayo mpaka unatetemeka. Zote mbili kifundo yako haitaweza mwaka hii."

Evode aliangalia benchi. Kusukuma ndiko alikokuwa akikuota. Alikuwa ameshasikia mara nyingi, kichwani mwake, mfupa wa Séraphin ukialika. Lakini mfupa ukivunjika watu humwonea mtu huruma, humletea uji na maharage, humfungulia njia. Hakutaka Séraphin aonewe huruma na yeyote. Alitaka kitu kimoja, akakiona waziwazi pale pale.

"Ya kushikilia," alisema.

Astrid alimkazia macho. "Papa, wewe hautafute kupona. Unatafuta muntu."

"Muntu huyo njo dawa, Mama."

Mama yule alitikisa kichwa, lakini mazoezi alimpa. Miezi minne Evode alivuna mihogo asubuhi, na jioni akakaa nyuma ya nyumba ya dada yake na kopo la mchanga, kifundo kimenyooka, akihesabu. Alianza na hesabu ya ishirini. Akafika mia. Alipotetemeka alimkumbuka Séraphin na ule mfuko wa suruali, na hesabu ikasonga mbele. Uwingabire alimwambia kwamba uso wake unatisha watoto. Akahamia upande wa pili wa nyumba.

Aliporudi Bihambwe mwezi wa kumi, kifundo kilikuwa kizima. Jumapili ya kwanza Séraphin alinyoosha mkono, na Evode akatoa wake, kisha akauinua wa kushoto na kujishika polepole, akakunja na uso kidogo.

"Asante, mutoto."

Njiani mkewe, Gentille, alimsimamisha, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Gisubizo, jana ulibeba bido ya maji na ile mukono. Iko muzima. Juu ya nini unajishika?"

"Uache ajue vile anajua."

Jumapili kumi na mbili alijishika hivyo, mzima kabisa, akameza kila "mutoto" kama dawa chungu. Zile ndizo zilizokuwa ngumu kuliko mchanga na jiwe. Lakini Séraphin alizipokea zote, na tarehe mbili Januari, Evode alipojipenyeza hadi kwenye pipa, kijana alicheka mpaka akajifuta macho.

"Leo nitakuonea huruma, mukubwa."

Wakashikana. Mzee Nsengimana akaiachia mikono yao. Séraphin alisukuma mara moja, kwa nguvu za kumaliza kazi, na mkono wa Evode haukwenda popote. Akasukuma tena. Kicheko cha watu kikapungua. Evode alivuta pumzi, akageuza kifundo taratibu, kama alivyokuwa akiigeuza nyundo, na kiganja cha Séraphin kikaanza kulala nyuma. Kikalala kidogo. Kikalala zaidi. Pale kilipofika mahali pa kuuma Evode alisimama. Hakusukuma chini. Alishikilia, akaanza kuhesabu moyoni.

Kwenye ishirini Séraphin aliacha kutabasamu. Kwenye arobaini jasho lilimdondoka puani. Mkono wake haukuwa umelazwa, kwa hiyo mzee Nsengimana hakuwa na sababu ya kuusimamisha mchezo, na watu walishangaa kwa nini Evode hammalizi.

"Maliza," Séraphin alinong'ona.

"Leta ya kushoto," Evode alimjibu, kwa sauti ya chini vilevile.

Séraphin alielewa. Alitikisa kichwa, akauma meno, vidole vya mkono wake wa kushoto vikageuka vyeupe kwenye ukingo wa pipa. Evode aliongeza unene wa kucha moja tu. Kwenye sabini vidole vile vilibanduka. Mkono wa kushoto wa Séraphin ukapanda hewani, mbele ya watu wote wa Bihambwe, ukakishika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa chini.

Evode hakumwachia palepale. Alisubiri hata walio nyuma wanyanyue shingo na kuona.

"Asante, mutoto," alisema. "Heshima iko muzuri."

Hakuna mfupa uliovunjika. Hakuna aliyempelekea Séraphin uji.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri msamaha, mahubiri marefu, na macho yake yalimrudia Evode zaidi ya mara tatu. Evode alisikiliza vizuri, akatoa sadaka, akaimba. Kisha akatoka wa kwanza na kusimama mlangoni. Séraphin alipotokea alijaribu kupita pembeni, lakini akina mama wa kwaya walikuwa wamejaa ngazini. Ikambidi asalimie. Alinyoosha wa kulia, wa kushoto ameusokomeza mfukoni.

Evode aliupokea mkono ule kwa upole. Mkono wake mwenyewe wa kushoto aliuweka mgongoni. Akatabasamu, akageuza kifundo kidogo sana, akasubiri. Mkono wa Séraphin ukatoka mfukoni.