Kiti Kitupu cha Utumishi

…mgongo, ndiyo, nitamwambia mgongo unauma, uongo huu nimeuandaa tangu Maji ya Chai, nikaufanyia mazoezi juu ya pikipiki hadi ukakaribia kuwa kweli, "Subiri, bwana shamba, mtandao unazunguka, taarifa zako hazijafunguka," anasema Fransiska, Afisa Utumishi wetu, na mimi nasema uzunguke tu, mama, hata mimi nimezunguka, Newala, Kibondo, Simanjiro, kote nikifundisha watu kilimo huku migomba yangu mwenyewe ikimezwa na magugu… meza tatu humu ndani, mtu mmoja, wa pili kastaafu, wa tatu kahamishwa, kibali cha kuajiri hakijaja, fungu la ofisi limeishia kwenye karatasi, na watumishi elfu mbili na ushee tunamtazama yeye, sasa mkurugenzi anataka kuazima mtu kutoka idara nyingine, na huyu mama, kati ya watu wote, kanitaja mimi! "Mnaniazima kama jembe?" nilimuuliza, akajibu bila kuinua macho, "Jembe lingekuwa limeshaanza kazi"… anataka jibu kabla ya saa sita, na mimi naogopa, mkulima nikimkosea mbegu atanitukana msimu mmoja yakaisha, humu kosa la kidole linamlia mtu ada ya mtoto, kama yule muuguzi wa Kikatiti, Tabea, wajina wake alifariki wakamfuta yeye kwenye orodha ya mishahara, miezi miwili mama wa watu ni marehemu anayechoma watu sindano, gari la ofisi halina mafuta, Fransiska akapanda bodaboda kwa nauli yake, akamkuta wodini, akamshika mkono, "Huu wa moto, marehemu gani huyu!" akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akaandika barua kabla hajanywa maji… nami nilicheka wiki nzima, mjinga mimi, sikujiuliza siku ile angelala na homa nani angekwenda… "Bado?" "Bado," anasema, anafunga jalada kwa uzi alioununua mwenyewe, "mbona umekaa upande, mgongo unakusumbua?" lahaula, uongo wangu huo kaniletea mwenyewe kama kikombe cha chai, ni kupokea tu, na mdomo wangu, msaliti mkubwa, unasema, "Hapana, mama, mzima kabisa"… duara linazunguka kwenye kioo, jibu lenyewe sijatoa, saa tano na dakika arobaini, lakini macho haya mapumbavu yameshaanza kutafuta ukutani msumari wa kutundikia helmeti…