Mpaka Wakauke

Dobi alizamisha shimizi yake katika beseni la mwisho la kusuuzia, akaivaa ikichuruzika maji, kisha akashusha gauni juu yake. Lile lilikuwa bonde la juu, jangwa la mawe na mchanga, na baridi yake ilimpenya hadi mifupani. Akabana meno, akashika njia ya lango la hoteli alikofua nguo.

Maji ya hoteli yalitoka kwenye chemchemi iliyo chini ya mwamba, ya pekee yenye maji matamu bondeni kote. Kabla haijazungushiwa ukuta, mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akiizibua kila mchanga ulipoifukia. Sasa kikongwe huyo alikuwa hoi kitandani, tumbo limemvimba kwa maji ya kisima cha chumvi, kila anachokunywa anakitapika. Dobi alikwisha kuomba chupa moja tu. Meneja alimjibu kwa upole kwamba akimpa yeye, kesho bonde zima litapanga foleni.

Langoni alisimama shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndani ya sare ya ulinzi. Akaona matone yanadondokea viatu vya dobi.

"Vua hiyo shimizi, shemeji."

"Ni maji ya mama yako."

"Najua." Alitupa jicho ofisini, meneja alikokuwa amesimama dirishani. "Kamua hapa."

Dobi aliingia nyuma ya kibanda cha mlinzi, akaivua, akatoka, akakamua. Mchanga uliyanywa maji papo hapo. Shemeji akaipapasa shimizi kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akamrudishia, akamwambia amsalimie mama.

Kesho yake ikatoka amri: wafua nguo wasitoke mpaka wakauke. Kazi ilipokwisha walipangwa juani kando ya kamba za nguo, mikono wameitandaza. Jirani akaja mbio langoni kumwita dobi. Mama mkwe alikuwa anakata roho.

Shemeji alisikia. Alikuja, akamgusa dobi mgongoni.

"Bado mbichi," alisema, bila kumtazama. "Nikikutoa hivi, kazi sina."

Kwenye bustani ya wageni, bomba lilikuwa likinyunyizia nyasi maji. Upepo ukageuka, manyunyu yakawafikia, wakalowa wote, wakaanza kukauka upya.